Roboti ya sakafuni "imekataa": tafuta kosa kwa kuangalia dalili

Roboti ninayoizungumzia ni ile ya sakafuni ya watoto wa chekechea hadi darasa la tatu. Ina mishale mgongoni, haina skrini, haihitaji simu wala intaneti. Inayojulikana zaidi ni Bee-Bot kutoka Uingereza, ya manjano yenye mistari myeusi. Watoto wetu wa Jumamosi hapa Tanga walishaibatiza "kinyuki". Mtoto anabonyeza mishale kwa mpangilio anaoutaka, anabonyeza kitufe cha kijani cha GO, na roboti inatekeleza amri moja baada ya nyingine. Mshale wa mbele ni hatua ya sentimita 15. Mshale wa kugeuka ni nyuzi 90, papo hapo ilipo.

Malalamiko ninayoletewa na wazazi na walimu wenzangu ni yale yale: "imeharibika", "imekataa", "haisikii". Ukweli ni kwamba roboti yenyewe huharibika kwa nadra. Mara nyingi kumbukumbu yake haikufutwa, au neno la Kiswahili tulilomwambia mtoto lilimpa picha tofauti na kile mashine inachofanya. Hili la pili ndilo linalonishughulisha sana, kwa sababu lugha yetu inatubebea kazi vizuri tukiichagua, na inatuangusha tukiropoka. Kwa hiyo usikimbilie bisibisi. Tafuta dalili yako hapa chini, anza na sababu ya kwanza, na ushuke ya pili pale tu ya kwanza ikishindikana.

"Inakwenda kwingine kabisa"

Mtoto amebonyeza mbele mara mbili tu. Roboti inakwenda hatua sita, inageuka, inagonga mguu wa meza.

Kumbukumbu haikufutwa. Kwa uzoefu wangu, sababu hii inazishinda nyingine zote zikijumlishwa. Bee-Bot haisahau ikishamaliza safari. Amri mpya zinajipanga nyuma ya zile za zamani, na GO inaanza kuzitekeleza zote tangu ile ya kwanza. Zile za toleo la zamani hubeba amri 40, kwa hiyo safari za watoto watatu waliotangulia zinaweza kuwa bado zimo humo. Kipimo ni hiki: bonyeza X ya kufutia, bonyeza mbele mara moja, bonyeza GO. Ikienda sentimita 15 na kusimama, roboti ni nzima.

Watoto wangu nimewafundisha kwa ubao. Mwalimu akiingia darasani akakuta ubao umejaa hesabu za kipindi kilichopita, anafanya nini kwanza? Anafuta. Sasa kila mtoto akipokea kinyuki, wenzake wanamwambia, "Futa ubao!" Hata hivyo usiifanye X kuwa desturi isiyofikiriwa. Mtoto aliyefika nusu ya njia salama na anataka kuongeza amri mbili, X itamfutia kazi nzuri. Muulize, "Unaendeleza au unaanza upya?" Jibu lake ndilo liamue.

Ikiwa kumbukumbu ilifutwa na bado inapotea, huenda kidole kilibonyeza mara mbili pasipo mwenyewe kujua. Kila amri inayopokelewa ina mlio wake, basi afuate sheria ya mlio mmoja, amri moja, na asibonyeze tena mpaka ausikie. Sababu ya mwisho ni mkono wa jirani. Mtoto mwingine ameupitisha mgongoni mwa roboti wakati wewe unaangalia pengine.

"Inazunguka papo hapo, haiendi pembeni"

Mvulana wa miaka sita alipiga magoti kwenye karatasi ya manila tuliyoichora miraba ya kutembelea roboti, akatazama ua tulilolichora miraba mitatu upande wa kulia, akabonyeza mshale wa kulia mara tatu, polepole, akihesabu kwa midomo. Roboti ikageuka, ikageuka, ikageuka, ikaishia kuangalia kushoto. Haikutoka kwenye mraba wake hata kidogo. "Mwalimu, kimepata kizunguzungu." Nikamuuliza alikiambia nini. "Nimekiambia kikate kulia."

Neno lenyewe ndilo lililomponza. *Kata kulia* ni lugha ya bodaboda. Ukimwambia dereva akate kulia, anageuza pikipiki na anaendelea kwenda huko. Mambo mawili yamo ndani ya neno moja. Roboti haijui hivyo. Yenyewe inafuata lugha ya gwaride: *kulia, geuka!* Kwenye gwaride, ukigeuka, umegeuka tu. Miguu inabaki palepale hadi usikie *mbele, tembea!*

Kwa hiyo dawa ya kwanza haiko kwenye roboti. Panga watoto mstari, watolee amri za gwaride kwa dakika tano, na yeyote atakayenyanyua mguu kwenda baada ya "geuka" arudi alipoanza. Kisha rudini kwenye manila na msitumie tena neno "kata". Mvulana yule alisimama, akageuka kulia kwa mwili wake, akatazama ua likiwa sasa mbele yake, akasema taratibu, "Aaa. Geuka. Halafu mbele, mbele, mbele." Amri nne. Nilimwachia azibonyeze mwenyewe.

Kama tatizo linaendelea, angalia kama mtoto amezoea michezo ya simu au rimoti ya televisheni. Huko mshale wa kulia unasogeza kitu kulia moja kwa moja. Kwake hii ni sheria anayoijua kabisa, basi usimwambie amekosea. Mwambie kinyuki kina sheria nyingine, na mtengenezee kadi za maboksi ambazo mshale wa kugeuka umepinda na wa mbele umenyooka. Macho yakizoea tofauti hiyo, vidole vinafuata.

"Nimebonyeza kurudi, mbona haijageuka?"

Mwambie mtoto aliyetumwa dukani "rudi". Atageuka, atakuja akitembea kwa uso. Roboti ikibonyezwa mshale wa nyuma inakwenda kinyumenyume, uso ukiangalia kule kule. Mtoto anaona imekosea.

Tumia *kinyumenyume* na ulitupe neno *rudi*. Hilo tu mara nyingi linatosha. Wale waliozoea gwaride watakuuliza kuhusu *nyuma, geuka*, na ni swali zuri sana: roboti haina kitufe hicho. Waache watafute wenyewe. Watagundua kwamba kugeuka kulia mara mbili kunaleta kitu kile kile, na atatokea mmoja atakayesema hata kushoto mara mbili. Mpe muda auhakikishe kwa mwili wake mbele ya wenzake.

"Kulia imekuwa kushoto"

Hapa pana sababu tatu, na usizichanganye.

Ya kwanza, inayoonekana zaidi: roboti inamkabili mtoto. Ikimwangalia, mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa mtoto. Kipimo chake ni kumhamisha mtoto (roboti usiiguse) akae nyuma yake, waangalie upande mmoja. Akipata, ulikuwa mtazamo tu. Watoto wengi huanza kuwa na hakika na kulia na kushoto kwao wenyewe karibu na miaka sita au saba, na kulia kwa mtu anayewakabili huchelewa zaidi. Mtoto wa miaka mitano anayebabaika hapa hana kasoro yoyote.

Njia ya kumvusha si mpya. Lugha ya kompyuta ya LOGO ilipoanza Marekani mwaka 1967 kwa kazi ya Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, na baadaye kuongozea roboti ya sakafuni iliyoitwa kobe, Papert alisisitiza kwamba mtoto aitambue njia ya kobe kwa kujifanya kobe. Yaani asimame, aitembee njia ile, kisha aseme mwili wake ulifanya nini. Mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo. Kila mara roboti inapopotea, kabla ya kubonyeza chochote, mtoto anyanyuke aitembee.

Sababu ya pili ni kwamba hajaujua mkono wa kulia kabisa. Kiswahili kinatusaidia, kwani mkono wa kulia ni mkono wa *kulia* chakula. Lakini simama hapo kwanza. Mtoto wa shoto akijiuliza anakula kwa mkono gani anaweza kukujibu kwa ukweli kabisa, na akakosea mwelekeo. Nilishawahi kumrudia binti mmoja mara nne nikidhani hasikilizi, kumbe alikuwa anafuata maneno yangu sawasawa. Siku hizi nafunga uzi mwekundu kwenye kiganja cha kulia cha kila mtoto na kubandika karatasi nyekundu ubavuni kulia mwa roboti. Nyekundu kwa nyekundu. Baada ya wiki chache wanaivua wenyewe.

Ya tatu, mara moja moja, ni mtu mzima aliyeinua roboti na kuigeuza ili "kusaidia". Ukishaigeuza, mpango wote wa mtoto umekufa na hajui kwa nini.

"Imepitiliza mraba mmoja", au imepungukiwa mmoja

Mtoto amehesabu mraba ambao roboti imesimama kuwa ni moja. Ludo inafundisha hili bila maneno mengi: ukipata tatu, huhesabu pale ulipo, unaanza mraba unaofuata. Wale ambao babu zao wanacheza bao wanaelewa haraka zaidi, kwani ukichota kete shimoni unaanza kuzigawa shimo linalofuata. Hesabuni kwa kuruka, wala si kwa kunyooshea kidole miraba. Sema "hatua", usiseme "mraba".

Kama idadi inaharibika kwenye kona tu, mtoto anadhani kugeuka nako kunasogeza roboti. Rejea gwaride.

Programu ndefu inaharibika katikati na mtoto anataka kuanza upya

Hapa ndipo penye elimu yenyewe, na ndipo watu wazima wengi wanaponyang'anya. Roboti haionyeshi kilichomo kichwani mwake. Mtoto aliyebonyeza amri kumi na mbili hawezi kuziona tena, kwa hiyo anakisia, anafuta, anakisia tena, na mwisho analia.

Usimruhusu abonyeze chochote kabla hajapanga kadi. Kadi moja kwa amri moja, mstari mmoja sakafuni, kutoka kushoto kwenda kulia kama maandishi. Mwenzake mmoja ashike kizibo cha soda. Roboti inapotembea, kizibo kinasogea kadi hadi kadi. Ikikosea tu, kizibo kinasimama. Kadi chini ya kizibo ndiyo mshukiwa wa kwanza, iliyotangulia ni wa pili. Roboti ikienda haraka kuliko mkono wa mwenye kizibo, weka kitufe cha kupumzika (kile chenye mistari miwili wima) kati ya amri na amri.

Jumamosi moja wasichana wawili walikuwa na kadi kumi na moja. Kizibo kikasimama kwenye ya saba. Wakaitazama, wakabishana kwa kunong'ona, mmoja akaichomoa na kuishika mkononi bila kujua aweke nini. Mwenzake akasimama, akaitembea njia, akafika pale pa saba, akageuza kiwiliwili kushoto. Hawakusema kitu. Walibadilisha kadi moja, kumi nyingine zikabaki kama zilivyo, wakafuta, wakabonyeza zote kumi na moja upya. Ikafika. Kumi zile walizoziacha ndizo zilizonifurahisha. Walikuwa wameshaelewa kwamba kosa moja haliharibu kazi yote.

Kanuni ninayowaomba wazazi waishike: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadilishe kingine.

"Inakwenda upande, haimalizi hatua"

Anza kwa kupima miraba yako. Rula ya kwenye mkebe wa hesabu ina sentimita 15 kamili, na huo ndio urefu wa hatua. Miraba ya sentimita 14 au 16 iliyokadiriwa kwa macho itaonyesha kosa kubwa baada ya hatua tano sita.

Kisha angalia ilivyowekwa mwanzoni. Ikianza imepinda nyuzi 5 tu, ambazo jicho halizioni, baada ya hatua sita itakuwa imetoka pembeni karibu sentimita 8, zaidi ya nusu ya mraba. Chora mstari wa kuanzia na kila mtoto aisawazishe hapo.

Tatu ni sakafu. Mkeka wa ukili una matuta, zulia linavuta magurudumu, vigae vyenye mchanga vinateleza, na kwetu pwani mchanga hauishi. Gundisha karatasi mbili za manila kwa selotepu juu ya saruji iliyofagiliwa. Nne, nywele na nyuzi kwenye magurudumu. Zima roboti, igeuze, zitoe kwa kibano. Tano, chaji ndogo.

Ukikagua yote hayo na bado gurudumu moja linazunguka taratibu kuliko jingine, hapo sasa ni ugonjwa wa mota. Mpe fundi.

"Haisogei kabisa"

Kwa mpangilio: swichi ya chini haijawashwa (pana mbili, ya nguvu na ya sauti, na watoto huwasha ya sauti wakaridhika). GO haijabonyezwa. Imelala baada ya kukaa bila kazi, basi izime, iwashe, panga upya. Chaji imekwisha.

Macho yakiwaka na mlio ukasikika lakini magurudumu hayaendi, betri ni mshukiwa mkubwa, kwa sababu taa huhitaji nguvu kidogo na mota nyingi. Kwa zile zinazotumia betri ndogo za AA, badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Betri za bei ya chini kabisa zitakukimbia mapema.

"Mmoja anabonyeza, wengine wanagombana"

Roboti moja kwa watoto kumi ni ugomvi, hata wawe watulivu namna gani. Watatu wanatosha: mpangaji wa kadi, mbonyezaji, mwenye kizibo. Kila safari moja wanabadilishana kwa mzunguko, na zamu ya kizibo uisifu hadharani, maana mwanzoni hakuna anayeitaka. Wengine waliobaki wacheze roboti ya mtu.

Hatuna roboti, na "roboti ya mtu" inajiongoza yenyewe

Chora miraba barazani kwa chaki, mikubwa ya hatua ya mtoto. Mmoja ni roboti, mwingine anatoa amri. Malalamiko ya kawaida ni kwamba roboti inafika hata amri zikiwa mbovu. Ni kwa sababu rafiki yake anaona anakotakiwa aende na anamsaidia. Huo ni wema, usiukemee. Wewe mtu mzima kuwa roboti kwa muda, na utekeleze kila neno kama lilivyo. Akisema "nenda", nenda usisimame hadi ukutani. Atajifunza kusema "mbele mara tatu". Usiwafunge watoto kitambaa machoni ili wasione. Baraza lina kingo, na wataanguka.

Simama hapa, usiendelee mwenyewe

Kifuniko kimeinuka, roboti ni ya moto mkononi, au ina harufu ya tamutamu inayokera: betri ya kuchaji imevimba au inavuja. Izime, chomoa waya, itoe nje mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto. Usiitoboe, usiichaji tena, usiitupe kwenye moto wa takataka. Mpelekee fundi wa simu anayeaminika, ambaye kazi hizo ni zake za kila siku. Na siku zote chaji mchana, ukiwa karibu, kwa waya uliokuja nayo.

Betri za AA zimetoa unga mweupe au ute: mtoto asiguse. Mtu mzima avae glovu na apanguse kwa pamba yenye siki kidogo. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi mfululizo na nendeni hospitali.

Kuna vichezeo na rimoti zinazotumia betri bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza moja, hata ukishuku tu, ni dharura. Inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Usimtapishe, usisubiri aanze kulalamika. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo, na mkiweza mbebe pakiti ya betri.

Na dalili moja ambayo haihusu roboti kabisa: mtoto anayeinamisha uso hadi karibu aiguse mishale, anayekunja jicho moja, au anayekosa kadi zile zile kila wiki ilhali kwa mwili njia anaijua. Usimwongezee mazoezi. Waombe wazazi wake wampeleke akapimwe macho.